Malalamiko Kuhusu Jina la Bjorklund Kwenye Simu Yangu

Bi Ardis Tollefsrud,
Ghorofa ya Pili, Mtaa wa Kanisa,
Vesterby, Minnesota.
11 Machi 2014

Kwa Mkuu wa Idara ya Majina ya Wapigaji,
Kampuni ya Simu.

Mheshimiwa,

YAH: JINA LANGU, NA JINA LA MNYONYA VYOO

Ama baada ya salamu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na mbele yako kuna simu inayojua wewe ni nani. Mimi si mzima sana, na sababu ni ninyi.

Sikupigii. Nimeshapiga mara kumi na nne tangu Oktoba, na kila mara nimepokelewa na binti yenu Tamra, ambaye ana adabu lakini hana mamlaka, na huniita Ardis kana kwamba tulikamua ng'ombe pamoja. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Marehemu mume wangu, Palmer, alikuwa akisema uzuri wa barua ni kwamba msomaji anaweza kuiweka chini akaenda kunywa kahawa. Palmer alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo yalikuwa baadhi yake.

Kwanza unijue. Mimi ni mjane wa miaka sabini na minne, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa kichwa cha mnyororo wa simu wa usharika wetu wa Kilutheri hapa Vesterby. Mtu akifariki, theluji ikifunga barabara, ibada ikiahirishwa, mchungaji hunipigia mimi. Mimi huwapigia watatu, kila mmoja wao ana watu wake wa kuwapigia, nao wana wao, mpaka nyumba zote arobaini na tatu ziwe zimejua nani amekufa, nani alete sinia la viazi na nyama ya kusaga, na nani safari hii asilete ile saladi yake ya jeli na karoti. Kisha, kwa kuwa binadamu ni binadamu, mimi mwenyewe huwapigia wote arobaini na watatu kuhakikisha kwamba wamepigiwa. Hakuna mshahara. Hakuna hata kikombe chenye jina langu kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, ingawa mpiga kinanda anacho.

Sasa Alhamisi ya tarehe 20 mwezi huu, baraza la wazee wa kanisa litakaa kuamua kama nivuliwe kazi hii. Nakueleza mapema ili usome yafuatayo kwa hofu inayostahili.

1. Oktoba iliyopita niliuza shamba nikahamia mjini, juu ya chumba cha bwana Quist, mtunza jengo. Mkanipa namba mpya. Hamkuniambia kwamba namba hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Gordon Bjorklund, ambaye kwa miaka thelathini aliendesha gari la kunyonya mashimo ya vyoo katika wilaya hii nzima, kisha akastaafu akahamia Arizona kuota jua bila kumuaga mtu. Gari aliliuza, mke alimchukua, namba aliiacha, na ninyi mkaliacha jina lake limening'inia juu ya namba hiyo kama kofia kwenye msumari. Karibu kila niliyempigia, kidirisha cha simu yake kiliandika BJORKLUND SEPTI. Hilo la pili ni septic, neno la Kiingereza la biashara yake ya mashimo, limekatwa mkia. Nitalifikia hilo la mkia.

2. Hapa Vesterby hakuna anayenyanyua simu kabla ya mlio wa pili, kwa sababu jina huingia kidirishani kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Simu ikilia tunafuta mikono, tunasogea, tunainama, tunangoja. Desturi hii mmetufundisha ninyi. Zamani mtu alinyanyua simu kwa imani.

Basi siku mama yake Harlan Vik, msharika mwenzetu, alipofariki, nilimpigia Judith Aamot, ambaye ndiye hushughulikia kahawa ya maziko. Kabla sijafungua kinywa nikasikia: "Gordy, kaka yangu, Mungu amenisikia. Limefurika mpaka chumba cha kufulia, njoo na lile bomba refu, na usipitie mbele, wageni wapo." Nikamwambia mimi ni Ardis, na kwamba kuna msiba. Akasema, "Aa. Ardis," kwa sauti ya chini kabisa. Dale Skoglund naye, mzee wa kanisa mtu mzima, alinipokea hivi: "Mzee wa kazi, unakuja lini? Mama mkwe anafika Jumamosi na wewe unamjua, yule si mtu wa mara moja kwa siku." Mimi nimemfundisha Dale Skoglund shule ya Jumapili. Nimemfuta makamasi.

Nilifungua daftari. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari, katika nyumba arobaini na tatu, arobaini na moja zilinyanyua simu kabla ya mlio wa tatu kwisha. Wenye nyumba mbili zilizobaki walikuwa Florida, wamekimbia baridi. Karibu wote walinyanyua kwa furaha, hata waliokwisha kupigiwa, maana shimo likifurika mtu hathubutu kumkosa Gordy, na waliposikia ni mimi, sauti zikawaanguka. Nilielewa mara moja kuwa ni aibu, kwa kuwa wamenitaja pamoja na choo. Na mtu mwenye aibu haachwi peke yake, kwa hiyo sikukata simu mapema. Niliwatuliza. Niliwauliza watoto wao wanaendeleaje na kama yule mkubwa amepata kazi sasa au bado, niliwakumbusha mapazia ya ukumbini waliyoahidi kufua tangu Pasaka, nikawaeleza kosa lililofanyika kwenye viazi vya msiba uliopita. Dakika ishirini, thelathini, kulingana na aibu ya mtu. Kazi hii ya ziada mmenitwisha ninyi.

3. Nilipomweleza Tamra, alinipa maelezo ambayo nayaandika hapa neno kwa neno, ili uone ni mambo gani mnawatuma mabinti wakaseme. Alisema: "Ardis, mama, jina haliendi pamoja na simu. Inayoenda ni namba tu. Kampuni ya yule unayempigia ndiyo inakimbia kwenye ghala la majina, inauliza namba hii ni ya nani, inarudi na jina. Sisi tumeshaandika jina lako ghalani. Kama wao wanasoma karatasi ya zamani, hilo ni la kwao."

Nikamwomba arudie. Akarudia, na halikuwa na akili zaidi mara ya pili. Yaani mgeni yuko mlangoni kwako, mdomo anao, jina lake analijua tangu ubatizo, lakini humuulizi. Unamwacha kwenye baridi, unamtuma mtu mji wa tatu akamwulize bawabu wa ghala, bawabu anafungua droo, anasoma kadi ya mwaka juzi, na wewe unarudi mlangoni kumwambia mgeni kwamba yeye ni mnyonya vyoo. Tena nikagundua kwamba kila safari ya kwenda ghalani ina ada yake ndogo, chini hata ya senti, na kwamba kampuni nyingine, ili kuikwepa ada hiyo, huweka nakala zao za zamani kabatini na kusoma humohumo. Kwa hiyo siku ileile, saa ileile, nilikuwa Bjorklund kwa Judith, nilikuwa mimi mwenyewe kwa mchungaji, na kwenye simu ya mkononi ya Shawna Pruitt, msharika mwenzetu, niliandikwa MINNESOTA, kana kwamba jimbo zima limempigia kumuuliza anapika nini.

Nikampigia mwenye ghala. Akaniambia niwapigie ninyi. Nikawapigia ninyi, mkaniambia niipigie kampuni ya simu anayotumia Judith. Kampuni ya Judith wakaniambia hawawezi kuzungumza na mimi kwa sababu mimi si mteja wao, na kwamba, kwa mujibu wa mashine yao, mimi ni biashara. Tamra ndipo akaniuliza, kwa upole wake ule, kama nina hakika tatizo liko upande wao. Nikamjibu kwamba nyani haoni kundule, nikaweka simu chini.

4. Mkia. Mashine zenu hubeba herufi kumi na tano, nafasi ya katikati ikihesabiwa, hata kama mtu amebatizwa kwa zaidi. Tollefsrud ni herufi kumi. Nafasi, moja. Ardis, tano. Ni kumi na sita, na ya kumi na sita mmeitupa. Nitakuwa TOLLEFSRUD ARDI mpaka kufa. Bjorklund naye, pamoja na shimo lake, mmemkata herufi moja, ya mwisho vilevile. Mbele yenu basi mimi na choo tuna haki sawa.

Tamra alipendekeza tuandike A peke yake. Nilimweleza kwamba A inaweza kuwa Alvin, shemeji yangu, aliyekaa jela miezi mitatu kwa kuuza trekta moja kwa watu wawili. Herufi ya mwisho nilipewa na mama yangu, aliyenizaa kwenye theluji ya kufika dirishani, na sioni kwa nini niitoe sadaka kwa kampuni ya simu. Andikeni kwa herufi nyembamba.

5. Tarehe 15 Januari Tamra alinipigia mwenyewe, akasema: "Ardis, mambo yamekaa sawa. Tumewabana wote, ghala limesafishwa, kila mtu mjini kwako sasa anaona jina lako." Alikuwa na furaha kama mtu aliyemzalisha ng'ombe. Nilimshukuru. Ninajua kushukuru.

Mheshimiwa, tangu siku hiyo hakuna anayenyanyua simu.

Ninalo daftari. Februari nzima, katika nyumba arobaini na tatu, zilizonyanyua ni nne. Mmoja ni mchungaji, anayelipwa. Mmoja ni Milt Raske, kapera wa miaka themanini na moja, ambaye simu yake bado ni ya kuzungusha kwa kidole na haina kidirisha. Wawili walikuwa watoto, na walikatishwa. Waliobaki wote, simu inalia mlio wa kwanza, wa pili, halafu inalia tu mpaka ikate yenyewe au mashine ya kurekodi ipokee. Na mashine siongei nazo. Mtu akiongea bila kujibiwa huishia kusema upuuzi.

Nilifanya upelelezi. Jumapili baada ya ibada nilisimama kando ya birika la kahawa, mahali ambapo hakuna njia ya kunipita, nikawauliza mmoja mmoja. Judith Aamot alisema: "Hee, mama, simu yangu haikuonyesha kitu, giza tupu." Dale Skoglund alisema: "Iliandika mambo ya matapeli, mwalimu, nami siku hizi naogopa." Wifi yangu Lorna, dada yake Palmer, mwanamke asiyejua kusema uongo kwa kuwa hana kumbukumbu ya kuutunza, alinishika mkono akaniambia: "Wifi, kidirisha kilileta herufi za ajabu ajabu, kama Kirusi hivi. Ningejua ni wewe, ningekosaje kupokea?"

Mashahidi watatu, maneno matatu, mkosaji mmoja. Ni wazi kwamba hamkurekebisha chochote. Mmeliondoa jina la choo, ambalo angalau lilikuwa la mtu mwenye kazi halali, na mahali pake mmeweka giza, utapeli na Kirusi, kila nyumba na balaa lake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ninyi kila mlichonitembezea mpaka sasa ni kibaya.

6. Sasa sikia matunda yake. Jumatano ya Majivu, tarehe 5, tulipaswa kula supu pamoja saa kumi na moja na nusu jioni, kisha ibada. Saa tisa alasiri dhoruba ikaingia kutoka upande wa Dakota, upepo wa theluji ambao mtu haoni hata mkono wake, na mchungaji akanipigia: "Mama Ardis, tufunge, waambie wote wakae nyumbani." Nikaanza. Wale watatu wa kwanza ni Judith, Dale na Lorna. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikashuka kwenye orodha jina kwa jina, kwa kidole hiki chenye baridi yabisi. Kimya, kimya, mashine, kimya. Milt Raske ni wa ishirini na tisa. Kumpigia yeye ni kazi ya Lorna, lakini Lorna hakupokea akajua. Nilipomfikia, saa kumi na nusu, simu yake ililia bila kupokelewa, na hapo nikajua kuna baya, kwa sababu Milt hupokea daima. Alikuwa ameshaondoka. Huwa anawahi.

Aliendesha maili kumi na moja akakuta kanisa limefungwa. Aligeuza, akaingia mtaroni, akakaa humo saa mbili, injini imezimwa, akila peremende za kikohozi, mpaka dereva wa gari la kusukuma theluji alipoona taa moja. Yu hai. Ncha ya sikio la kushoto imekuwa nyeusi, na daktari anasema ndivyo itakavyobaki. Nilikwenda kumwona na supu. Hakunilaumu. Alisema: "Ardis, wewe hupiga hata jua likiwaka. Nilingoja mpaka saa kumi, sikusikia kitu, nikajua basi supu ipo." Nilirudi kwenye gari nikalia kama mtoto. Naliandika hili kwa kuwa nataka likuumize na wewe.

Jumapili iliyofuata Shawna Pruitt alisimama ukumbini. Huyu amekuja kutoka Iowa miaka minne iliyopita na kahawa yake hutoka kwenye mashine, kikombe kimoja kimoja, kama dawa. Akasema: "Jamani, meseji moja ya kundi, sekunde moja, kila mtu ameipata mfukoni. Tumpumzishe Mama Ardis." Watu walipiga makofi kabla hajamaliza. Kwetu shambani neno hilo la kumpumzisha lilikuwa la farasi mzee na bunduki. Nami nilitazama nani anapiga makofi, na Judith alikuwa wa kwanza.

Siwalaumu. Wanadhani niliwaacha gizani, kumbe ni kidirisha kilichoniacha mimi. Wakiujua ukweli hawatanivua.

7. Kwa hiyo ninataka mambo yafuatayo, nayo si mengi.

Barua yenye muhuri, ya kusomwa mbele ya baraza tarehe 20, ikikiri kwamba tangu Januari jina langu halikuonekana kwenye simu yoyote Vesterby, na kwamba sikio la Milt Raske ni la kampuni.

Herufi yangu ya mwisho.

Jina liache kwenda ghalani. Litangulie simu, kama inavyofaa jina la mtu, na litamkwe kwa sauti jikoni kote, likianza na Bi, ili hata aliye chooni asikie.

Nikiwa napiga mimi, simu isiweze kupunguzwa sauti wala kuchomolewa ukutani mpaka ipokelewe. Najua mnaweza. Mtu anayeweza kumgeuza mjane kuwa gari la majitaka hashindwi na hilo.

Na mwisho, kila mwezi mniletee orodha ya nyumba ambazo jina langu limeingia na simu isipokelewe: saa ngapi, ililia mara ngapi, nani alikuwa amesimama karibu. Sitaki kumdhuru mtu. Ni ili nijue nani wa kumsamehe, na kwa kiasi gani.

Ukiona haya ni makubwa, kumbuka kwamba nilianza kwa kuomba mnifutie jina la choo tu, miezi mitano iliyopita. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Naishia hapa kwa kuwa karatasi inaishia hapa. Nisalimie Tamra, na umwambie ile dawa ya kifua niliyomshauri aichemshe, asiinywe baridi. Wasalimie vijana wanaopanda nguzo kwenye upepo huu, hao hawana kosa. Msalimie mkeo, kama unaye na kama hupokea ukimpigia. Msalimie mwenye ghala, ikiwa ni binadamu. Nawasalimu wote ofisini humo, isipokuwa aliyeamua kumi na tano.

Wako mwenye subira, iliyobaki kidogo,

Bi Ardis Tollefsrud
Kichwa cha Mnyororo wa Simu

Nyongeza. Jumatano, tarehe 12.

Bahasha nilikuwa nimeshailamba. Nimeifungua kwa mvuke wa birika.

Jana baada ya kuandika niliona barua haina ushahidi. Nikafikiri: niende kwa Lorna, nisimame mbele ya kidirisha chake, ninakili kwa mkono wangu kile Kirusi, niambatanishe. Nilimwomba bwana Quist apande chumbani kwangu, na saa tisa kamili ampigie Lorna kwa simu yangu, aiache ilie. Lorna sikumwambia kitu. Nilitaka simu imkute kama inavyomkuta siku zote. Nilikaa jikoni kwake, nikala kipande kimoja cha keki ya shayiri, penseli iko kwenye mkono wa koti.

Saa tisa simu ikalia. Lorna alikuwa amenipa mgongo, anasuuza vikombe. Akafuta mikono. Ikalia ya pili, akainama, nami nikanyanyuka nikainama nyuma ya bega lake. Palikuwa pameandikwa TOLLEFSRUD ARDI. Herufi nyeusi, safi, hazina hata vumbi. Lorna akanyoosha kidole, akapunguza sauti mpaka mwisho, kwa wepesi wa mtu anayefanya hivyo kila siku, akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, alisema tu kama mtu anavyosema peke yake jikoni: "Huyo tena. Mwache, atachoka."

Kisha akakumbuka nani amekaa mezani kwake.

Kidirisha kiliendelea kuwaka bila sauti, kikawaka, kikawaka, tukakitazama wote wawili hadi kikazima. Halafu akanikatia kipande kingine cha keki, kikubwa kupita kiasi, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nilikila chote. Kilikuwa kikavu, na sikumwambia.

Niliporudi, bwana Quist alikuwa bado amesimama kando ya simu yangu. Akaniambia: "Imelia mara kumi na moja, mama. Nadhani hakukuwa na mtu." Nikamwambia ni kweli, hakukuwa na mtu.

Usiku kucha nilihesabu daftari langu upya. Arobaini na moja kwa jina la Bjorklund, nne kwa jina langu. Kwa hesabu hiyo Lorna angenyanyua akampigia Milt mapema, Milt angekula supu ya kopo nyumbani kwake, na sikio lake lingekuwa jekundu kama zamani.

Basi yafute yote niliyoandika hapo juu, pamoja na muhuri na orodha. Ghala lenu ni zima. Mwambie Tamra alikuwa amesema kweli, na sikupaswa kumjibu vile kuhusu nyani. Ninaomba jambo moja tu, na likiwezekana liwe tayari kabla ya tarehe 20, maana wanasema kuna theluji nyingine inakuja: nirudishieni Bjorklund. Watanyanyua. Nitasema kanisa limefungwa, kaeni nyumbani, kisha nitaweka simu chini.

Herufi ya mwisho siidai tena.

A. T.